Picha Niliyoilipia Nikitazama Ukuta

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu kumi na sita mia tisa na hamsini. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja elfu kumi na sita mia tatu na hamsini, nikajiona nimepata nafuu, kisha nikaikumbuka ile kilo ya halua ya kumtaka radhi mtu tuliyemwita mwizi bure. Kwa pesa hizo nilinunua picha safi, yenye rangi zake zote, na mpaka leo sijaiona hata kwa sekunde moja. Kazi yangu ni kununua na kuuza vitu vya umeme vilivyotumika, hapa hapa Malindi. Sinunui redio bila kuigeuza, kuinusa na kuiwasha. Hii nilinunua nikiwa nimeipa mgongo. Aliyenifanyia hivyo ni jirani yetu wa miaka mingi, sijamsamehe, na angenijia kesho na jambo lile lile ningetoa pesa tena.

Mtaa mzima tulimwita Bi Picha. Jina lake la kweli lilikuwapo, kama nambari ya nyumba ilivyopo, na halikutumiwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kupiga filamu za harusi upande wa wanawake, na mpaka huo hakuuvuka. Siku ya kupamba, biharusi akishakalishwa kwenye kiti chake, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, na mama na shangazi na majirani wakavua mabuibui wakaingia uwanjani kucheza, mwanamume haruhusiwi hata kupitisha sinia mlangoni. Aliyeingia na kamera ni yeye peke yake. Sisi wanaume tuliijua kazi yake kama mtu anavyojua jiko la hoteli asiloingia, kwa harufu na kelele.

Alikuwa na kigoda cha mbao cha kusimamia, maana ni mfupi, na ndoo nyekundu ya plastiki. Ndoo ilikaa mlangoni. Kila mgeni alitia simu yake humo ndiyo apite, awe mke wa mvuvi au mke wa mheshimiwa. Yule wa mheshimiwa alikataa mara moja, nasikia, akasema simu yake ni ya kazi. Bi Picha akaifunga kamera, akashuka kigodani, akaketi juu yake akaanza kujipepea. Pembe za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, zikanyamaza. Wanawake mia wakamtazama mke wa mheshimiwa. Simu ikaingia ndooni.

Filamu ikishakatwa na kupangwa, zilikuwa nakala mbili tu. Moja ya biharusi, kwenye diski ndogo ya duara, anakabidhiwa mkononi mwake, si kwa kaka, si kwa mume. Ya pili ilibaki kwenye mashine ya Bi Picha, endapo ile ya kwanza itapotea. Ya tatu haikuwapo. Na mwanamke yeyote aliyetaka afutwe, alifutwa akitazama kwa macho yake. Kuna mmoja alikuja kusema anataka kutolewa kwenye harusi nne alizocheza akiwa msichana. Si biharusi, mgeni tu. Mwingine angemwambia aende zake. Bi Picha alikaa wiki tatu akimkata kipande kwa kipande, mpaka kwenye harusi moja alikoonekana ndani ya kioo cha kabati, mgongo wake tu, kwa muda wa kufumba jicho. Pale pia akamtoa. Nilimuuliza alilipwa ngapi kwa kazi hiyo. Akaniambia, "Nimelipwa siku ile nilipompiga picha. Hii ni sehemu ya ile."

Mimi nahesabu mara mbili na hesabu ile haikuniingia.

Lakini msimfanye malaika. Kwa samaki alikuwa mwongo wa kutupwa. Angemwambia muuza samaki kwamba jana amepewa changu wawili kwa bei ya mmoja, na hiyo jana mimi mwenyewe nilimwona akila maharagwe. Aliwahi kunikopa kopo la sukari akanirudishia limejaa hewa nusu. Alinung'unika juu ya kompyuta za siku hizi, lakini vidole vyake kwenye kibodi vilikuwa vyepesi kuliko vya yule kijana wa saiba, pale pa intaneti, anayejiita mtaalamu. Na yeye aliyetunza sura za wanawake wa mji mzima hakuwa na picha yake hata moja ukutani. Ukimwelekezea simu alikufunika uso kwa leso, wewe, si yeye.

"Mimi si mlango wa nyuma," hiyo ndiyo kauli yake. Aliitoa kwa kila aliyetaka kuona kisichomhusu, nao hawakuwa wachache. Alikuja mume mmoja, mtu mzima mwenye gari, ana ugomvi na mkewe juu ya mkufu wa dhahabu. Anataka kuona kama siku ya kupamba mke aliuvaa au la. Akaweka elfu ishirini mezani. Mimi nilikuwa hapo nikimrekebishia waya wa feni, na ninakiri nilizihesabu kwa macho.

"Kamuulize aliyeuvaa," Bi Picha akamwambia, naye anachambua mchele.

"Mama, yule ni mke wangu."

"Ndiyo maana nikakwambia kamuulize. Humjui anapokaa?"

Mume akasema ataleta polisi. Bi Picha akavuta kigoda chake, akakiweka katikati ya mlango, akaketi na ungo wake mapajani. "Walete. Ila waje wa kike, na wavue viatu, nimepiga deki."

Hakuna aliyekuja. Elfu ishirini ziliondoka zilivyokuja, nami nikarudi kwenye waya wa feni.

Sasa mashine yenyewe. Ilikuwa kompyuta ya zile zisizo na kasha pembeni, kila kitu kimo nyuma ya skrini, kioo kikubwa mbele kama dirisha. Alikuwa amempa friji na godoro Mzungu mmoja aliyekuwa akihama nyumba ya kukodi karibu na pwani, naye Mzungu akampa hiyo, na sijui kati yao nani alidhani amemdanganya mwenzake. Ilikuwa imezeeka. Nilimletea laptopu mpya mara tatu kwa bei ya kindugu. Mara zote tatu aliifungua, akaipapasa, akaifunga, akanirudishia. "Hii yako haijui kazi zangu. Ile inazijua."

Kilichozeeka ndani yake ni kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha unayoiona kwenye skrini. Yeye aliiita kadi ya picha, na kwa kuwa yeye ni Bi Picha, alichukulia kwamba ni ya ukoo wake. Ilianza kwa mistari ya zambarau, halafu skrini ikawa nyeusi kabisa ingawa mashine inanguruma. Mara ya kwanza alisikia mahali kwamba kadi ya namna ile ikipashwa moto huweza kufufuka. Hakungoja fundi. Alikibandua kioo mwenyewe kwa vile vishikio vya mpira vya kubandika ukutani bafuni kutundikia taulo, shilingi mia tatu viwili, akafungua skrubu moja moja akizipanga kwenye sahani kwa mstari, akaitoa kadi, akaiweka kwenye oveni yake ya keki. Dakika nane. Kadi ilitoka inanuka iliki. Na uniamini au usiniamini, ilifanya kazi miezi saba.

Ikafa tena wiki ile aliyokuja dadangu.

Hapa lazima niseme jambo la nyumbani. Dadangu anafanya kazi Uarabuni. Alipewa likizo ya siku kumi na mbili, za kwanza baada ya miaka mitano. Aliolewa hapa Malindi, Bi Picha akampiga filamu yake ya kupamba, na mwaka uliofuata mamangu akafariki. Ile diski ndogo dadangu aliondoka nayo, ikapasuka kwenye sanduku wakati wa kuhama. Picha ya mamangu tuliyobaki nayo ni ile ya kitambulisho, amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Mamangu hakuwa hivyo. Mamangu alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti mpaka anashika ukuta. Lakini kucheka kwake kote hakuna aliyekurekodi isipokuwa Bi Picha, siku moja, kwenye harusi ya mwanawe, na kulikuwa ndani ya mashine iliyokufa.

"Siku kumi na mbili," dadangu aliniambia uwanja wa ndege, bado hajaketi kwenye gari. "Kula nitakula huko nikirudi. Mimi nimekuja kumwona mama."

Nilimwendea Bi Picha na njia rahisi. "Shikamoo Bi Picha. Hiyo diski ya ndani, yenye filamu, ni nzima. Tuitoe tuichomeke kwenye laptopu yangu, dadangu atazame, tuirudishe. Nusu saa."

"Marahaba. Laptopu yako imeshapita mikononi mwa nani?"

"Yangu mwenyewe."

"Mwezi uliopita ulikuwa unaiuza. Ukanunua tena?"

Ilikuwa kweli.

"Kitu kikipita kwako kimepita," akasema. "Itatengenezwa hii hii. Nimemwahidi dadako mbele ya mamako, na mamako hayupo kunisamehe."

Hapo nikajaribu la mwisho, na sikulipanga, lilinitoka. "Bi Picha, yule ni mamangu. Mimi naruhusiwa kumwona."

"Mamako ni mmoja," akasema taratibu. "Humo wamo wanawake hamsini na wawili. Hao hamsini na mmoja nao ni mama zako?"

Mafundi wa Malindi walikataa mashine za namna ile. Tukaambiwa kuna mmoja Kilifi, mtaa wa Kibarani, anayefungua chochote. Bi Picha hakukubali mashine iende bila yeye, wala ilale Kilifi hata usiku mmoja. Basi tulipanda matatu tukiwa watatu, yeye, mimi na mashine. Mashine ilikatiwa kiti chake, shilingi mia mbili na hamsini kwenda na mia mbili na hamsini kurudi, ikafungwa leso kiunoni. Diski yenye filamu alikuwa ameshaitoa nyumbani, ameifunga kitambaa, iko kwenye mkoba wake na mkoba uko kwapani. Utingo alimuuliza kama anataka kusaidiwa mzigo, akamtazama mpaka akaenda kudai nauli upande mwingine.

Fundi wa Kibarani ni Mgiriama wa makamo, mpole, ana miwani iliyofungwa kwa waya. Aliitazama kadi iliyookwa, akainusa.

"Mama, hii ulifanyaje?"

"Niliioka."

"Na iliki?"

"Iliingia yenyewe. Ilikuwa zamu ya keki."

Akaiweka chini kwa heshima. "Imekufa mara ya mwisho hii. Usiioke tena. Tutafute nyingine, na kutafuta si kazi ndogo. Hii si kompyuta ya kawaida ya mezani, kwamba utaenda dukani uchukue kadi yoyote. Hii inataka kadi ndogo ya umbo la laptopu, zile laptopu nzito za wahandisi. Umbo lilingane na tundu. Halafu matundu manne ya skrubu yalingane na bamba la kupozea. Halafu isile umeme kuliko hii ya zamani, maana humu ndani hamna pa kupumulia, itachemka iwaunguze."

"Na isitazamwe na mwanamume," Bi Picha akaongeza.

Fundi akanitazama mimi. Nikamweleza. Akatikisa kichwa, hakucheka. "Kwetu pia kuna ngoma za akina mama. Sisi tukizisikia tunahama upande wa pili wa mji. Hakuna shida, mama. Kaa na diski yako. Mimi nitatumia diski yangu tupu kujaribia."

Kila mmoja wetu aliliona hilo kuwa jambo la busara. Nalitaja kwa sababu ndilo lililotutia hasara.

Kadi ya kwanza nilikuwa nayo mfukoni tayari. Niliinunua Malindi kwa jamaa mmoja wa bara mwenye kibanda cha kompyuta kuukuu karibu na soko. Alitaka elfu tisa. Nilianza na elfu nne, nikaondoka mara mbili, nikarudi mara mbili, tukapatana elfu sita na mia tano. Fundi akaipima, umbo sawa, matundu sawa. Akapaka dawa ya kupozea, niliyoilipia elfu moja na hamsini, akaifunga, akachomeka diski yake tupu, akawasha. Feni zikazunguka. Skrini nyeusi. Akazima, akawasha. Nyeusi. Mara ya tatu Bi Picha akasema, "Umeuziwa maiti."

Kesho yake nilikwenda kibandani. Nimefanya biashara miaka mingi, najua kwamba anayeuza kitu kibovu husema kilikuwa kizima, kwa hivyo jamaa aliposema, "Mkubwa, ile kadi niliitoa kwenye laptopu inayofanya kazi," sikumwamini hata robo. Tukabishana mbele ya wateja. Nilimwita mwizi, kwa sauti, na akina mama wanaouza nyanya wakageuka. Akanirudishia elfu tano. Elfu moja mia tano akabaki nayo, ati ya usumbufu. Nikaondoka nimekasirika kama mtu mwenye haki.

Ya pili nikaiagiza Mombasa, elfu saba na mia nane pamoja na usafiri. Ilichelewa. Dadangu alikuwa amebakiza siku mbili. Kila asubuhi alikuja kunywa chai kwa Bi Picha, akakaa mbele ya ile skrini nyeusi akiitazama kama mtu anayengoja mgonjwa aamke. Safari ya pili ya Kibarani tulikuwa wanne, yeye na sisi watatu. Nauli yake alijilipia, kwa hiyo haimo kwenye ile hesabu yangu.

Fundi akafunga. Diski tupu. Akawasha. Feni. Nyeusi.

Dadangu alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha kibanda cha jirani, na kwa mgongo wake nikajua analia. Mimi nikaanza kupiga hesabu ya kumfuata mtu wa Mombasa. Bi Picha peke yake hakubadilika. "Wote wawili wawe wametuuzia maiti?" akauliza. "Mmoja sawa. Wawili? Fundi, soma."

Fundi alikuwa ameshatoa simu, anasoma yaliyoandikwa na mafundi wa nchi za mbali waliowahi kuifungua mashine ya namna ile. Alisoma muda mrefu, miwani imeshuka puani. Kisha akaiweka simu juu ya meza polepole.

"Mama," akasema, "hizi kadi za laptopu mashine hii haizijui kwa jina. Ikiwashwa haiwezi kuonyesha kitu, inakaa giza hivi hivi, mpaka mfumo wake wa ndani uamke. Ukiamka ndipo picha inakuja. Dakika moja, mbili."

"Na huo mfumo uko wapi?"

Fundi alitazama mkoba ulio kwapani mwa Bi Picha. Nami nikautazama.

Kwa hiyo kadi ya kwanza ilikuwa nzima. Na ya pili nzima. Tulikuwa tunamwasha mtu aliyeacha kichwa nyumbani, na kila akikosa kujibu tunamzika. Hakuna mahali pengine duniani, naamini, ambapo kadi mbili nzima zingekataliwa kwa sababu ile. Nilidhani Bi Picha ataona haya, kwa kuwa ni yeye aliyeing'ang'ania diski. Hakuona. "Basi ningetoa diski siku ile ya kwanza," akasema, "picha ingewaka nyinyi wawili mmetumbua macho. Mungu ameniepusha. Geukeni."

Akamwita dadangu ndani. Akafunga mlango wa kibanda na komeo. Sisi wanaume wawili tukawekwa kwenye benchi kuelekea ukuta, magoti yanagusa bati. Mbele ya fundi ilitundikwa kalenda ya ng'ombe wa maziwa. Mbele yangu ilikuwa rafu, na juu ya rafu televisheni iliyokufa inayongoja spea, kioo chake cheusi kinang'aa. Ndani ya kile kioo niliiona meza nzima iliyo nyuma yangu, ndogo, safi, mpaka bisibisi.

Nitakuwa mkweli, maana haya ninayaandika mwenyewe. Niliiona na sikusema kitu.

Nikasikia diski inaingia mahali pake. Nikasikia skrubu. Halafu hatua, na mkono ukapita juu ya bega langu, na leso ikatandazwa juu ya ile televisheni, ikavutwa pembe zote nne kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Nilikwambia niliwahi kumtoa mtu kwenye kioo cha kabati," sauti yake ikasema juu ya kichwa changu. "Ulidhani nakupigia hadithi?"

Akawasha. Feni. Hapakuwa na kitu dakika ya kwanza. Fundi alikuwa anahesabu chini kwa chini kwa Kigiriama. Nami nilihesabu kwa Kiswahili, nikapotea, nikaanza tena.

Sauti ndiyo iliyotangulia. Ile mashine ilipokufa Bi Picha alikuwa ameifungua filamu ya dadangu tayari kumwonyesha, na ilipoamka ikaendelea pale pale ilipokatikia. Pembe za vugo, makofi, kigelegele kirefu cha mtu asiyeishiwa pumzi. Halafu mtu akasema kitu, sikushika ni nini, na mamangu akacheka.

Alicheka kama alivyokuwa akicheka. Kicheko kilianza chini, kikapanda, kikakatika pale anaposhika ukuta, kikaanza tena. Nilikuwa nimekisahau kile kituo cha katikati. Kitambulisho hakina kituo.

"Mama," dadangu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anamwita kutoka jikoni.

Fundi akaninong'oneza, "Kadi ni nzima."

"Nyamaza," nikamwambia.

Walitazama saa moja na dakika ishirini. Mimi niliisoma leso ya Bi Picha, maua makubwa ya kahawia na pindo jekundu, nyuzi mbili zimechomoka upande wa kushoto. Ningeweza kuigeuza shingo. Ni shingo yangu. Lakini kuna kitu mtu anakuwekea bila kukuuliza, kwamba wewe ni mtu wa kutogeuka, na ukishawekewa mbele ya fundi wa Kibarani huwezi kumrudishia.

Fundi alitaka elfu nne, nikampa tatu, akashukuru kama niliyempa tano. Kesho yake Bi Picha alinituma kwa yule jamaa wa sokoni na kilo ya halua. Nilibisha kwamba elfu moja mia tano zangu anazo, halua ya nini tena. "Ulimwita mwizi kwa sauti," akaniambia. "Kamwombe radhi kwa sauti hiyo hiyo." Nikaenda, nikasema mbele ya akina mama wa nyanya. Jamaa alikula halua palepale kibandani na elfu moja mia tano hakurudisha. Dadangu akaondoka siku iliyofuata na diski mpya ndani ya nguo zake.

Bi Picha amefunga kazi mwaka huu. Hakulalamika, alifunga kama mtu anavyofunga duka. Magoti hayapandi kigoda, na mabiharusi wa sasa hawataki ndoo mlangoni. Wageni wanarekodi wenyewe na kabla biharusi hajashuka kitini ameshafika Nairobi na Maskati. Kuna waliomwambia anunue kamera mpya apige kama wengine, picha ziwekwe mtandaoni, atapata pesa. Aliwajibu kwamba pesa anazijua, si ngeni kwake. Amewaita wanawake wake mmoja mmoja. Anayetaka filamu yake anapewa, kisha ile ya mashine inafutwa akiangalia. Walio mbali wanampigia simu kumpa ruhusa. Jana alinitumia mtu kwamba nikachukue deni langu.

Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, imezimwa. Ile kadi ya Mombasa bado inafanya kazi mpaka leo, namwambia kila mtu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Keti. Zimebaki saba, na ya dadako ni ya kesho. Ameniambia nifute." Akanisukumia bahasha. "Elfu kumi na sita mia tisa na hamsini. Uliniambia mara mia, nimekariri. Hesabu."

Niliona kigoda hakipo mlangoni. Sikuuliza amekiuza kwa nani, wala kamera iko wapi. Nilizihesabu. Nikazihesabu tena. Zilitimia, na za mwisho zilikuwa sarafu.

Nikazirudisha bahashani, nikaisukuma upande wake.

"Nini tena?" akasema. "Imepungua?"

"Haijapungua. Mimi nataka kulipwa, Bi Picha, lakini si kwa hizi. Dadangu nimemuuliza, amesema shauri ni lako. Hiyo kadi niliyoinunua ni ya picha, na picha siitaki. Sauti ilikuwapo tangu zamani, haikunigharimu senti, na siku ile ya harusi mtaa mzima uliisikia juu ya ukuta, mimi nikiwemo, nakunywa soda upande wa pili. Kwa hivyo siombi kitu ambacho sijakisikia. Washa mashine. Tandika leso juu ya skrini, na nyingine juu yake ukitaka, na mimi nigeuzie kiti. Kisha niwekee pale mamangu anapocheka."